Braid Imerudi, na Mchoraji Ni Yuleyule

Leo nimekuja na furaha na sina sababu ya kuificha. Nataka tuzungumze kuhusu gemu moja iitwayo Braid. Ilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 6 Agosti 2008, na tarehe 14 Mei 2024 ikarudi, imekarabatiwa kuanzia rangi hadi sauti, kwa jina la Braid, Anniversary Edition. Kama wewe si mtu wa gemu, tafadhali usibadilishe stesheni. Ninayokuja kuyasema yanamhusu kila aliyewahi kuipenda kazi ya sanaa, akahofu kwamba itapotea, au akahofu zaidi kwamba watakaojitolea kuiokoa ndio watakaoiharibu.

Kwetu sisi wapenzi wa gemu hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation, inayohifadhi historia ya gemu, ilishirikiana na Software Preservation Network kuchunguza gemu zilizouzwa Marekani kabla ya mwaka 2010. Walichokikuta kinasikitisha: asilimia 87 ya gemu hizo hazipo tena sokoni. Ni karibu tisa katika kila kumi. Anayetaka kuzicheza atafute mashine ya zamani ambayo bado inawaka, au anunue diski iliyokwishatumika, au asafiri hadi mahali zilikohifadhiwa, au aingie katika nakala za wizi. Watu walikesha miaka wakizitengeneza, wengine tukakesha tukizicheza, na leo hazipatikani.

Hata zile zinazorudishwa hazirudi zote salama. Novemba 2021 kampuni ya Rockstar ilitoa mkusanyo wa gemu tatu za Grand Theft Auto zilizokarabatiwa. Picha nyingi za zamani zilikuzwa kwa msaada wa mashine, na mashine haikujua ilichokuwa inakisoma. Mabango ya barabarani na vibao vya maduka vikatokea na herufi zilizopotoka, na wahusika ambao watu waliwazoea wakatoka na sura ambazo hazikuwa zao. Baya zaidi, matoleo ya zamani yalikuwa yameshaondolewa sokoni, kwa hiyo aliyechukizwa na jipya hakuwa na pa kurudi. Kampuni iliomba radhi hadharani, ikayarudisha yale ya zamani kwa wanaotumia kompyuta.

Ndiyo maana ilipotangazwa, Agosti 2020, kwamba Braid nayo inakarabatiwa, mimi nilishangilia na papo hapo nikajiuliza: nani atakayeshika brashi? Jibu likaja kwamba ni David Hellman, mchoraji yuleyule aliyeichora mara ya kwanza. Hapo moyo ukatulia.

Ili uone uzito wa jibu hilo, msikilizaji, turudi nyuma kidogo tuone gemu hii ilizaliwaje.

Katika miaka ile, gemu kubwa zilitoka kwa kampuni kubwa zenye wafanyakazi wengi na bajeti nene. Mtu mmoja aliyekaa nyumbani na kompyuta yake angeweza kutengeneza gemu, lakini kuifikisha sebuleni kwa mtu, kwenye televisheni yake, lilikuwa jambo la wachache. Mambo yakaanza kubadilika pale mashine kama Xbox 360 zilipokuwa na duka la mtandaoni, ambamo gemu ndogo iliweza kuuzwa bila diski, bila boksi na bila rafu ya dukani.

Jonathan Blow, Mmarekani, mwandishi wa programu za kompyuta, alipata wazo la Braid Desemba 2004 akiwa safarini Thailand. Mwaka mmoja baadaye mifupa ya gemu ilikuwa imekamilika: mafumbo yapo, kanuni zipo, unaweza kuicheza. Kilichokosekana ni sura. Michoro yake ilikuwa ya kushikilia nafasi tu. Hata hivyo, ikiwa katika hali hiyo ya utupu, ilishinda tuzo ya ubunifu katika usanifu wa gemu kwenye Independent Games Festival ya mwaka 2006. Majaji waliiona akili iliyokuwa ndani yake kabla haijavishwa nguo.

Kisha Blow akamtafuta mchoraji, akampata Hellman, ambaye alikuwa anafahamika kwa katuni zake za mtandaoni. Hellman ndiye aliyeyapa mafumbo yale anga, mawe, majani, mawingu na huzuni. Gharama zote zilitoka mfukoni mwa Blow mwenyewe, karibu dola 200,000. Gemu ilipotoka iliuzwa dola 15, na wapo walionung'unika kwamba bei hiyo ni kubwa kwa gemu isiyo na diski. Manung'uniko hayakudumu. Wahakiki waliisifu karibu kwa kauli moja, watu wakainunua, na vijana wengi waliokuwa wamejifungia vyumbani na kompyuta zao wakaona kwamba kumbe inawezekana. Mwaka uleule wa 2008 ilitoka pia World of Goo, kazi nyingine ya watu wachache sana. Filamu ya mwaka 2012 iitwayo Indie Game: The Movie, inayowafuata watengenezaji wa gemu wa kujitegemea, inamwonyesha Blow akiizungumzia Braid kama mtu ambaye njia ameshaipita, huku watengenezaji wa Super Meat Boy na wa Fez wakiwa bado wanahangaika kuimaliza safari yao.

Sasa gemu yenyewe ikoje?

Kuna kijana anaitwa Tim. Amevaa suti na tai. Anamtafuta binti mfalme. Anakwenda, anaruka, anakanyaga vichwa vya viumbe wadogo wanaomjia, anapanda ngazi, anakwepa mimea inayochomoza kutoka kwenye mabomba. Aliyewahi kucheza Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ataitambua asili ya hayo yote mara moja. Gemu imegawanywa katika sehemu ziitwazo dunia, na hata mwisho wa kila dunia kuna ngome, na kuna kiumbe anayetoka kumwambia Tim kwamba binti mfalme yuko ngome nyingine. Blow aliichukua gemu ambayo karibu kila mchezaji duniani anaijua, akaigeuza ndani nje.

Tofauti ya kwanza ni kwamba Tim hafi. Akiguswa na moto au akiangukia miiba, dunia inasimama. Unabonyeza kitufe kimoja na wakati unarudi nyuma. Tim anainuka kutoka kwenye miiba, anarudi hewani, anatua pale aliporukia. Unaweza kurudi sekunde mbili, unaweza kurudi dakika nyingi, hadi mwanzo kabisa wa hatua hiyo. Kosa halina adhabu, na aliyezoea gemu za kuhesabu roho tatu kisha mchezo umekwisha atajua huo ni uhuru wa namna gani.

Lakini uhuru huo ndio unaofungua mafumbo. Nikupe moja, ambalo kwangu ndilo mlango wa gemu nzima. Tim amesimama ukingoni mwa shimo. Chini kuna ufunguo. Kuta za shimo ni ndefu kuliko uwezo wake wa kuruka na hakuna ngazi. Akishuka hatoki, asiposhuka ufunguo hapati. Unajaribu kushuka, unauokota ufunguo, unarukaruka mle ndani, hakuna njia. Unakata tamaa, unabonyeza kitufe cha kurudisha wakati ili uanze upya. Tim anapaa kinyumenyume hadi ukingoni, na ukitazama, ufunguo bado uko mkononi mwake. Hapo ndipo unapogundua kwamba ule ufunguo ulikuwa na mng'ao wa kijani tangu mwanzo, na kwamba chochote chenye mng'ao huo hakitii amri ya kurudi nyuma. Wakati umerudi kwa Tim, haukurudi kwa ufunguo. Hakuna aliyekueleza hivyo. Hakuna maandishi yaliyojitokeza kukufundisha. Umegundua mwenyewe, na ile hisia ya kugundua ndiyo mshahara wako.

Na gemu haikai hapo. Kila dunia ina kanuni yake ya wakati. Katika dunia ya nne wakati umefungwa kwenye hatua za Tim: akienda kulia unasonga mbele, akienda kushoto unarudi nyuma, akisimama vyote vinasimama, hata muziki. Katika dunia ya tano, ukirudisha wakati, kinatokea kivuli cha Tim kinachorudia yale uliyoyafanya kabla hujarudi, na sasa mko wawili mnaofanya kazi ambayo mtu mmoja asingeiweza. Katika dunia ya sita Tim ana pete, akiiweka mahali wakati unakuwa mzito kuizunguka, na kila kinachokaribia kinakwenda polepole. Ni dunia tano, maana hesabu inaanza na dunia ya pili, za kutafuta vipande vya picha, kila moja vipande 12, jumla 60, na sikumbuki kipande kimoja kilichowekwa ili kunichosha. Kila fumbo lina neno jipya la kusema, likishasema linakuruhusu upite. Ni adabu kubwa kwa mchezaji, na hata leo si gemu nyingi zenye adabu hiyo.

Basi, kazi ya namna hii ilihitaji ukarabati wa nini?

Tatizo ni vioo. Mwaka 2008 Braid ilichorwa kwa ajili ya picha yenye nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. Televisheni nyingi za leo zina nukta 3840 kwa 2160. Ukipiga hesabu, penye nukta moja ya zamani sasa kuna nafasi ya nukta tisa. Mashine inalazimika kuitanua ile moja izibe nafasi ya tisa, na matokeo yake ni ukungu. Kwa gemu iliyochorwa kwa mistari mikavu pengine isingeumiza sana. Lakini uzuri wa Braid ulikuwa katika mipigo ya brashi, na mpigo wa brashi ukitiwa ukungu unabaki kuwa doa.

Njia ya mkato ilikuwepo: mashine ikuze picha na kukisia kilichomo katikati. Waliofanya kazi hii hawakuifuata. Hellman alirudi kwenye michoro yake mwenyewe akaipaka upya, sehemu baada ya sehemu: ardhi, majani, mawe, majumba, anga. Kijana aliyezichora picha zile miaka ya 2006 na 2007 sasa ni mtu mzima, mkono wake umekomaa, na anajua alichokuwa anakitafuta pale alipoweka doa la kijani kwa haraka. Mashine ingekisia, yeye anakumbuka.

Na hapa pana jambo ambalo asiyecheza anaweza asilione. Katika gemu kama hii, mchoro umekaa juu ya vipimo. Ukuta una kimo fulani kwa sababu Tim anaweza kuruka kiasi fulani, na si zaidi. Ukinenepesha ukingo wa jiwe kidogo tu ili upendeze, mchezaji atadhani anaweza kusimama pale, atateleza, na fumbo litakuwa limemdanganya. Kwa hiyo Hellman alikuwa na uhuru wote wa rangi na karibu hana uhuru wa umbo. Alipaka nyama mpya juu ya mifupa isiyosogea. Nimezipitia hatua ambazo vidole vyangu vilikuwa vinazijua kwa moyo, na vidole havikujikwaa popote.

Kisha wakafanya lile lililonifurahisha kuliko yote. Waliweka kitufe. Ukikibonyeza ukiwa katikati ya mchezo, picha mpya inaondoka na ya mwaka 2008 inarudi palepale ulipo. Ukibonyeza tena, mpya inarudi. Mimi nilisimamisha Tim kwenye ukingo wa jiwe, nyuma yake mawingu yanakwenda, nikabonyeza. Majani yaliyokuwa na ncha, kila jani na kivuli chake, yakawa rangi moja iliyotandazwa. Nikabonyeza tena, ncha zikarudi. Nikagundua kwamba katika picha ya zamani palikuwa na mawe ambayo miaka yote nilikuwa nayaona nusu, na nusu nyingine nikiijaza kichwani mwangu. Hellman aliijaza karibu vilevile. Sijui mtu mwingine anaitaje hali hiyo. Mimi naiita kuheshimiwa.

Kitufe hicho ni kidogo, lakini kina ujasiri ndani yake. Anayekuuzia kitu kipya kwa kawaida hapendi ukiweke kando ya cha zamani. Hawa wameviweka pamoja wakasema, tazama mwenyewe, pima mwenyewe. Hawakuzika toleo la kwanza ili la pili lipate sifa.

Niseme pia kuhusu sauti, maana hapa tuko redioni. Muziki wa Braid haukutungwa kwa ajili ya gemu. Blow alichagua vipande vilivyokuwa tayari vimerekodiwa, vya Shira Kammen, Jami Sieber na Cheryl Ann Fulton, wanamuziki wa nyuzi: fidla, selo, kinubi. Alitaka muziki mrefu usiochosha masikioni kwa mtu aliyekwama kwenye fumbo moja, na alitaka muziki ambao ukirudishwa nyuma bado una kitu cha kusikilizwa, kwa sababu wakati ukirudi nyuma katika Braid, muziki nao unarudi. Katika toleo jipya sauti ilikabidhiwa kwa Martin Stig Andersen, ambaye wapenzi wa gemu wanamjua kwa sauti za gemu za Limbo na Inside, akifanya kazi na Hans Christian Kock. Muziki ni uleule, lakini umepewa nafasi ya kupumua, na unapogeuka kurudi nyuma unasikia dunia nzima ikivutwa nao.

Kazi ya namna hii inanikumbusha santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Anayezisafisha leo ana kazi ya kuondoa mikwaruzo. Asipoiondoa, msikilizaji mgeni atasikia kelele tu. Akiiondoa kupita kiasi, anakwangua na sauti ya Siti mwenyewe, ule ukali wa juu unaomfanya awe Siti. Ufundi wote uko katika kujua mahali pa kuinua mkono. Braid mpya imetoka mikononi mwa watu waliojua mahali hapo.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo naiona ni zawadi hasa. Ndani ya toleo hili kuna zaidi ya saa 15 za maelezo ya watengenezaji. Msikilizaji, saa 15! Na hayo si mahojiano ya kupongezana. Kuna dunia nzima ndani ya gemu iliyojengwa kwa ajili hiyo. Unamtembeza Tim katika hatua zake, na waliozitengeneza wanazungumza nawe juu ya kile unachokiona mbele yako, huku michoro ya mistari na duara ikijitokeza kwenye kioo kukuonyesha hasa wanachokizungumzia. Unaweza kuchagua kufuata mada moja, uandishi wa programu, au usanifu wa mafumbo, au uchoraji, au sauti, na mazungumzo hayo yakakuhamisha kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Humo ndimo unapoelezwa, kwa mfano, wakati unarudishwaje nyuma. Watu wengi tulidhani gemu inakumbuka vitufe ulivyobonyeza na kuvicheza kinyume. Sivyo. Gemu inaandika hali ya kila kitu kilichopo, Tim yuko wapi, kiumbe yule anaelekea upande gani, mlango uko wazi au umefungwa, mara nyingi sana katika kila sekunde. Kwa kuwa kuandika kila kitu kila mara kungeijaza mashine upesi, inaandika kwa ukamilifu mara mojamoja, na katikati inaandika kilichobadilika tu. Jiwe ambalo halijasogea halina haja ya kuandikwa tena. Ni wazo rahisi ukishaelezwa, lakini kulifanya likubali kwenye mashine ya mwaka 2008, bila kukwama, ni kazi ya fundi hodari.

Namfikiria kijana anayejifunza kuandika programu leo, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kwenye kompyuta aliyoazima. Vitabu vya kumfundisha kanuni vipo. Mahali pa kumsikia fundi mwenyewe akiifungua kazi yake iliyokamilika, akisema hapa tulifanya hivi kwa sababu hii, na hapa tulijaribu lile likashindikana, ni pachache mno. Mafundi wengi huondoka na siri zao. Hawa wamezifungasha pamoja na gemu yenyewe.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Braid, nalo ni mwisho wake. Gemu hii ina zaidi ya miaka kumi na mitano, lakini kama hujaicheza na hutaki kuujua mwisho, punguza sauti kwa dakika moja.

Dunia unazozipitia zinaanza na namba mbili. Dunia ya kwanza inafunguka mwishoni kabisa. Humo binti mfalme anamponyoka shujaa mwenye mavazi ya vita, anakimbia juu, Tim anakimbia chini, moto unawafuata wote wawili. Binti anavuta vyuma kumfungulia Tim njia, na Tim anamfungulia yeye. Mnafika chumbani kwake, yeye ndani amelala, wewe nje dirishani. Na hapo hakuna la kufanya ila kuurudisha wakati nyuma. Unapoubonyeza, unaona tukio lilelile kwa mpangilio wake wa kweli. Binti anamkimbia Tim. Vile vyuma alivyovivuta vilikuwa vya kumzuia. Yule shujaa wa vita ndiye mwokozi wake. Wewe uliyekuwa unamwongoza Tim muda wote ulikuwa unamsaidia mtu anayekimbiwa.

Kila hatua ni ileile, kila chuma kimevutwa palepale, na maana yote imegeuka kwa sababu umetazama mara ya pili ukiwa unajua zaidi. Nilipoucheza mwisho huo nikiwa kijana nilivutiwa na ujanja wake. Nilipoucheza katika toleo jipya, nikiwa nimeshaishi kidogo, nimeshaona watu wakiita mapenzi kile ambacho kilikuwa ni kumfuatafuata mtu asiyewataka, ulinigusa mahali pengine kabisa. Nikarudia maandishi yale mafupi yanayotangulia kila dunia, yanayomsimulia Tim na majuto yake, na nikaziona ishara zilizokuwepo tangu ukurasa wa kwanza. Gemu haijabadilisha neno. Msomaji ndiye aliyebadilika. Hiyo ndiyo sababu kazi njema zinapaswa kubaki mahali ambapo mtu anaweza kuzirudia.

Sasa, msikilizaji, nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye sifa. Toleo hili halikuuza vizuri. Blow mwenyewe amesema hadharani kwamba mauzo yake yalikuwa mabaya, na kwamba hayakutosha kuendesha kazi nyingine za timu yake. Jambo hilo linaniuma. Braid ya kwanza ndiyo iliyolipia gemu yake kubwa ya pili, The Witness, iliyotoka mwaka 2016. Pesa tulizotoa kwa gemu ndogo ya kurukaruka zilizaa kisiwa kizima cha mafumbo. Hivi ndivyo kazi ya kujitegemea inavyoishi: kazi moja inailisha nyingine. Ukarabati huu ulitangazwa kwamba utatoka mapema mwaka 2021, ukachukua miaka mitatu zaidi kwa sababu waliamua kuufanya inavyostahili. Ikiwa anayefanya kwa uangalifu hapati cha kumrudisha kazini, na anayefanya kwa pupa anauza kwa nguvu ya jina, basi tusishangae kesho tukiletewa pupa tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wapenzi wenzangu. Gemu ya zamani inapotangazwa kurudi, tushangilie, maana shangwe ni haki yetu, lakini tuulize maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Je, walioitengeneza wameshirikishwa, na mikono yao imo? Je, toleo la zamani litabaki, tuweze kulicheza na kulilinganisha? Je, kuna chochote tutakachojifunza kuhusu jinsi ilivyotengenezwa? Braid imejibu ndiyo mara tatu, na imejibu kwa vitendo. Inayojibu hivyo tuinunue, tuicheze, tuwaonyeshe wadogo zetu, na tuwaambie wenzetu kwa nini.

Ilipotoka iliwekwa kwenye kompyuta, PlayStation, Xbox na Nintendo Switch, na kompyuta ya kuichezea haihitaji kuwa ya bei ya kutisha. Kama hukuwahi kuicheza, nakuonea wivu kidogo, maana lile shimo na ule ufunguo bado vinakusubiri, na hata baada ya kunisikia utakuta mengi sana ambayo sikuyagusa. Kama uliicheza zamani, rudi. Bonyeza kile kitufe, tazama ya zamani, tazama mpya, kisha kaa na zile saa 15 za mafundi wakizungumza. Utaondoka ukiwa mchezaji bora, na pengine ukiwa fundi.